Kitanda cha Chini, Mchana ni cha Watu Wote

Wiki mbili zilizopita, saa 1 asubuhi, mgeni wetu mmoja aliingia chumba cha chakula akichechemea. Alikuwa ameshuka Kilimanjaro siku moja kabla, baada ya kupanda kwa njia ya Machame, na kucha za vidole gumba zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nikamwekea chai, chapati na nusu parachichi. Kabla hata hajanyanyua kikombe akanisogezea simu yake.

"Dada, hii ndiyo treni nitakayopanda?"

Kwenye picha, injini ilikuwa haionekani. Watu wamejaa juu ya paa, wamejaa mbele, wananing'inia milangoni, na behewa lenyewe huoni hata lina rangi gani.

Kijana huyu anatoka Uingereza, na baada ya mlima alikuwa anakwenda Mumbai, halafu kutoka Mumbai hadi Delhi kwa treni. Nikamwambia picha ile ni ya Bangladesh, siku za Idi, watu wanarudi kwao. Nikamweleza kwamba India reli kubwa karibu zote sasa zina waya wa umeme juu, wa volti 25,000, kwa hiyo paani hapakaliki. Nilitegemea atashusha pumzi. Badala yake alinyamaza, akaitazama tena ile picha, na nikaona kabisa kwamba nimemnyang'anya kitu.

Sura hiyo naijua. Nilisoma Pune, India, mambo ya biashara, kuanzia 2011 hadi 2014, na sasa niko mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi. Wageni wengi wa mlima huunganisha safari: wengine wametoka India wanakuja huku, wengine wanatoka huku wanakwenda India. Wakisikia nimeishi kule, wanavuta kiti. Nimesikiliza habari za treni za India kutoka kwa Wajerumani, Waholanzi, Wamarekani na Waustralia kwa miaka mingi, na kila mara nakumbuka safari moja ya Desemba 2012. Naomba niisimulie vizuri, maana huwa naikatiza katikati simu ya mapokezi ikilia.

Mimi na rafiki yangu wa Tabora tulikuwa tunakwenda Delhi. Treni ilitoka Goa, ikapita Pune alfajiri, giza bado. Tulikuwa na tiketi za behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, lile ambalo wanafunzi wengi wanalimudu. Kwa ambaye hajaliona: behewa halina vyumba vya kufunga mlango. Limegawanywa sehemu tisa zilizo wazi, na kila sehemu ina vitanda nane. Vitatu ukuta huu, vitatu ukuta ule, viwili upande wa pili wa njia. Namba zinajirudia kwa mpango uleule, nikazishika mpaka leo: 1 na 4 chini, 2 na 5 katikati, 3 na 6 juu, 7 na 8 pembeni. Madirisha yana nondo za kulala. Upepo unaingia, vumbi linaingia, sauti ya muuza chai inaingia kabla yake mwenyewe.

Tulipanda juu tukalala. Kulipokucha nikasikia sauti ya mwanamume inapanda, kwa Kiingereza. Nikachungulia. Chini yangu kulikuwa na mume na mke, wazungu wa makamo, mabegi yao wameyafunga minyororo kwenye zile pete za chini ya kiti. Mume alikuwa kitanda cha chini, amelala, shuka mpaka kidevuni. Amesimama njiani mama mmoja wa Bhopal, mtu mzima, magoti yanamsumbua waziwazi, mkono mmoja ameshika mnyororo wa kitanda cha katikati. Kitanda chake ndicho kilikuwa hicho cha katikati, na alitaka kukishusha. Yule bwana ameinua tiketi yake kama mtu anayemwonyesha trafiki leseni. "Nimelipia kitanda hiki. Ni changu mpaka Agra."

Na kweli alikuwa amelipia. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Kitanda cha katikati kikiwa kimefunguliwa, anayekaa chini hawezi kunyoosha shingo. Kwa hiyo mchana kinakunjwa kinakuwa egemeo la mgongo, na kitanda cha chini kinageuka benchi la watu watatu: wa chini, wa katikati na wa juu. Sheria ya reli inatoa saa za kulala, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nje ya saa hizo, tiketi yako ya kitanda cha chini ni tiketi ya kukaa kwenye benchi pamoja na wenzako. Sheria ipo, na kila Mhindi aliyelelewa kwenye treni anaijua bila kuisoma. Mgeni amenunua tiketi kwenye simu, ameona neno la kitanda na namba, akaelewa anavyoelewa kitanda cha hoteli.

Mkaguzi wa tiketi akaja, koti jeusi, karatasi mkononi, akaeleza haraka haraka akaendelea na safari yake. Yule mama akanitazama kule juu, akaniita "beti", yaani binti, akaniomba nimsaidie kueleza. Kihindi changu kilikuwa cha sokoni, lakini nikashuka. Nikamwambia yule bwana saa 12 imeshapita. Akaniuliza kama na mimi ninafanya kazi reli. Mke wake ndiye aliyeamka kwanza. Alikunja shuka lake, akakaa, akamgusa mumewe begani. Naye akakaa, pembeni kabisa dirishani, uso nje, hasemi.

Yule mama hakumwekea kinyongo. Baada ya robo saa akafungua kopo lake la chakula: puri zilizopangwa vizuri, viazi vya manjano, achari ya embe. Akamnyooshea yeye kwanza. Bwana akakataa kwa mkono. Wala simlaumu kwa hilo, maana stesheni zenyewe za India hutangaza msipokee chakula cha msiowajua, kwa sababu wapo wanaotia watu dawa wakawaibia. Mke akala. Mimi na rafiki yangu tukala. Mama akatuuliza tunatoka wapi, nikasema Tanzania, tukaanza kutafuta maneno. Akasema "gaadi" imechelewa. Nikamwambia na sisi tunasema gari. Akasema "chai", nikasema chai. Chapati, chapati. Laki moja, laki moja. Alicheka mpaka akashika goti. Sikuwa na Kihindi cha kumweleza kwamba maneno hayo yalivuka bahari na watu, wakiwemo wale vibarua 32,000 hivi walioletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901. Wapatao 2,500 walifia humo. Ninapolisema neno gari siku hizi huwa nawakumbuka.

Halafu tukafika Bhusaval.

Ndugu zangu wa Moshi, hapa naomba mnielewe. Nilikuwa na mwaka na nusu sijafika nyumbani. Mchana ule, kutoka Bhusaval kuelekea Raver na Burhanpur, pande zote za reli ni migomba. Migomba tu. Si kama kihamba cha kwetu, chenye kahawa chini yake na mti wa mruka juu yake na mfereji unapita. Ile imepandwa mistari iliyonyooka, jua kali, udongo mweusi. Lakini ni migomba, na majani yake yalikuwa yamechanwachanwa na upepo vilevile. Nililia. Rafiki yangu wa Tabora alinishika mkono asiseme kitu. Dirishani, katikati ya zile nondo, muuzaji alikuwa amepitisha kichane cha ndizi, nikanunua, nikagawa. Na yule bwana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanyoosha mkono. Ndizi ina ganda lake. Alikula mbili.

Baada ya hapo alianza kuongea. Aliniambia amewaza safari hii tangu akiwa kijana. Alitarajia kiti cha dirishani chenye kioo kikubwa, na gari la chakula lenye meza na kitambaa cheupe, wakila huku milima inapita. Gari la namna hiyo mimi nilikuwa nimelipata mahali pamoja tu, kwenye Deccan Queen, treni ya Pune na Mumbai iliyoanza 1930. Treni nyingi za mbali zina jiko, halafu chakula kinakuja ulipo: kijana anapita kuandika oda, mwingine anapita na sambusa, mwingine na chai kwenye birika. Unakula umeweka sahani magotini. Na kioo kikubwa kipo, ila kipo kwenye mabehewa ya kiyoyozi, nacho ni cha rangi ya giza na hakifunguki. Anayetaka upepo usoni achague nondo. Anayetaka ubaridi asahau upepo. Nilimwona anasikitika kweli, nami nikamhurumia. Mtu aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya jambo moja hupaswi kumcheka.

Kuhusu choo sitasema mengi. Kuna cha kuchuchumaa na kuna cha kukaa, beba karatasi zako, nenda asubuhi mapema.

Jambo linalowaumiza wageni wengi kuliko choo ni tiketi, na hili hawalitegemei kabisa. Wanadhani treni za India ni fujo, unafika unajisukuma unapanda. Ukitaka behewa lisilo na nafasi za kuweka mapema, ndiyo, unajisukuma. Lakini kitanda cha kulala ni jambo la kupanga mapema. Tangu Novemba 2024 dirisha la tiketi linafunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kabla ya hapo zilikuwa 120. Njia maarufu zinajaa mapema mno. Unayechelewa unapewa namba kwenye orodha ya kusubiri, na wengine wakifuta safari namba yako inapungua. Unaweza kuanza na 34, ukaamka uko 11. Kabla hujapata kitanda kamili kuna hatua ya katikati: watu wawili mnapewa kitanda kimoja cha pembeni, kile cha namba 7, mkae mnatazamana, mmoja akipatiwa nafasi kwingine mwenzake anajinyoosha. Nimewahi kusafiri hivyo usiku mzima na mwanafunzi wa Kinaijeria, miguu yake ubavuni mwangu, yangu ubavuni mwake. Ukibaki kwenye orodha kabisa, tiketi ya mtandaoni inajifuta, pesa zinarudi, na hupandi. Zipo pia tiketi za dharura, zinafunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi kwa kiyoyozi na saa 5 kwa mabehewa ya kawaida, na kwa dakika chache zinakwisha.

Mgeni anayejua haya anapona. Asiyejua anafika stesheni ya New Delhi na begi lake, anasimamishwa nje na mtu nadhifu anayemwambia ofisi ya watalii imefungwa, twende kwa wakala. Ofisi haijafungwa. Iko ndani ya stesheni, ghorofa ya kwanza, na wageni wana mgao wao wa tiketi pale. Kila mgeni ninayemwandikia maelekezo, sentensi hiyo naipigia mstari mara mbili.

Safari ya kurudi kutoka Delhi ilinifundisha ukungu. Desemba na Januari ukungu wa kaskazini unashuka mzito, dereva haoni taa za ishara, treni zinatembea taratibu au hazitembei. Yetu ilichelewa saa 11. Nilikaa kwenye sakafu ya stesheni, na kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyepiga kelele. Familia zilitandika mablanketi, wanawake wakapanga watoto katikati na wazee pembeni, mtu akatoa jiko dogo mpaka askari akaja kumkataza, na wapagazi wa mashati mekundu wakalala juu ya mikokoteni yao. Karibu yetu kundi la vijana wa Ulaya lilikuwa linakwenda dirishani kila nusu saa kuuliza. Kila wakirudi wamechoka zaidi. Si kwamba Wahindi hawajali muda. Yule baba aliyekuwa jirani yangu alikuwa anakwenda kumzika kaka yake, na alijua hatamkuta. Alijifunika shali akakaa. Ukungu humwendei dirishani.

Sasa niwageukie wageni wa aina ya pili, ambao naona wanaongezeka. Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Kijerumani, mpole, mwenye adabu, ametoka India moja kwa moja. Alipanda Vande Bharat, zile treni mpya nyeupe zilizoanza 2019. Viti vinazunguka, milango inajifunga yenyewe, imefika kwa wakati. Akaniambia, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba hakufurahi. "Ilikuwa kama nyumbani." Alitaka kuiona India yenyewe.

Nililifikiria neno hilo siku nzima. Mhandisi anayekwenda kazini mji mwingine asubuhi arudi jioni alale na watoto wake, huyo si India yenyewe? Tangu lile gari la kwanza la abiria la Aprili 1853, kutoka Mumbai hadi Thane, kilomita 34, watu wa kule wamekuwa wakienda zao. Wanakwenda harusini, hospitali, kwenye mitihani, kuzika. Anayetaka treni ibaki ngumu ili safari yake inoge, anamwomba yule mama wa magoti aendelee kupanda kitanda cha katikati.

Nasema hivi nikiwa na la kwangu moyoni. Reli yetu ya kaskazini ilifika Moshi 1911 kutoka Tanga, na Arusha 1929. Halafu abiria wakakosa treni kwa zaidi ya miaka 20, mpaka ilipoanza tena Dar hadi Moshi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Mwaka mmoja baadaye nilimleta mama kwa treni hiyo kutoka Dar, mwezi wa Desemba, Wachaga tunarudi kwetu. Alitaka treni kwa sababu alikuja nayo Moshi akiwa mwali, na alikuwa na furaha kama mtoto. Korogwe akaamka kununua machungwa, akalala tena, khanga amejifunika mpaka kichwani, mdomo wazi. Mgeni mmoja kwenye korido alisimama akampiga picha. Mara tatu, nne. Alikuwa anatabasamu, wala hakuwa na ubaya. Nikamwambia taratibu, kaka, huyu ni mama yangu, amelala. Alifuta zile picha mbele yangu, akaomba msamaha kwa dhati, na baadaye mama alipoamka akammenyea chungwa. Lakini nilichojisikia pale bado ninacho.

Yule kijana wa Uingereza nilikaa naye jioni nzima kabla hajaondoka. Nilimchorea sehemu ya behewa nyuma ya risiti, vitanda nane na namba zake. Nilimpa mnyororo wangu wa Pune na kufuli lake, bado unafunga. Nilimwambia abebe bakuli, shali, na ndizi kama hana uhakika na tumbo lake. Nilimwambia mtoto akimkodolea macho amkodolee naye kisha acheke. Mimi Pune walikuwa wananishika nywele, na hapa Moshi yeye mwenyewe ameitwa mzungu kutoka stendi hadi Rau. Habari ya paa hakuiuliza tena.

Juzi, saa 1 na nusu usiku, nikiwa nafunga hesabu za siku, simu ikaita ujumbe. Kule ilikuwa saa 4 kamili. Aliandika kwamba wamepita Igatpuri, watu wanafungua vitanda, na kuna bibi amelala kwenye kitanda chake, amesinzia kabisa, viatu amevipanga chini vizuri. Tiketi yake ni 17. Mjukuu wa bibi anasema ya kwao ni 19. Amwamshe?

Nikamwandikia: usimwamshe, panda 19.

Kimya. Nikamaliza hesabu, nikazima taa ya nje. Ndipo ikaja picha, imepigwa gizani kwa taa ya simu: soksi zake za mlimani zimebana kwenye kona, feni imelala karibu na goti lake, na dari la behewa karibu limguse pua.